Pai kwa Uso wa Kipipa

Kwa miaka ishirini na miwili mke wa Kipipa alitengeneza pai kila Jumamosi asubuhi, na hakuna hata moja iliyowahi kuliwa. Zote ziliishia usoni mwa mumewe.

Kazi yake hasa ilikuwa ushonaji. Mtaa mzima ulimwita Fundi, na cherehani yake ilikaa dirishani siku sita za wiki, ikinguruma tangu watu wanapokwenda kazini hadi wanaporudi. Jumamosi cherehani ilifunikwa shuka, pini zikaokotwa moja moja zisije zikaingia kwenye chakula ambacho si chakula, na meza ikawa ya pai. Maana mumewe alikuwa mchekeshaji. Yeye na mwenzake walikuwa na mchezo wao kwenye ukumbi wa mtaa kila Jumamosi alasiri. Mwenzake alikuwa mrefu, mwembamba, suruali zote zilimpwaya, wakamwita Ufito. Yeye mwenyewe alikuwa mfupi, mnene, shingo ya kutafuta, wakamwita Kipipa. Majina waliyopewa na wazazi wao yalibaki kwenye vyeti.

Mchezo ulibadilika kila wiki. Leo Ufito ni bosi na Kipipa karani, kesho Ufito ni daktari na Kipipa mgonjwa anayeogopa sindano. Lakini mwisho haukubadilika: Ufito anaishiwa na subira, anachukua pai ya krimu, na Kipipa anaipata ya uso. Watu walilijua hilo tangu wanaponunua tiketi, na bado walikuja. Walichokuja kukiona hasa ni kile Kipipa alichofanya baada ya pai. Hakuruka, hakupiga kelele. Alisimama tu, akavuta pumzi tatu, kisha kwa kidole kimoja akasafisha jicho la kulia, halafu la kushoto, akawatazama watu kama mgeni anayetaka kuuliza njia lakini anaona haya. Hapo ukumbi ulivunjika mbavu.

Pai hizo zilimgharimu Fundi elimu ndefu. Mwanzoni, walipokuwa wachumba, wanaume wale wawili walitumia povu la kunyolea ndevu, na Kipipa akawa na macho mekundu mpaka Jumatatu, utadhani amefiwa. Fundi akasema hapana, mimi siolewi na mtu wa kutokwa machozi. Akajaribu krimu ya kweli. Bei yake ilikuwa ya watu wenye harusi, na chini ya taa za jukwaa iliyeyuka ikanuka maziwa yaliyoharibika. Akajaribu uji mzito wa ngano. Ule uliganda kama plasta, na ulipobanduliwa uliondoka na nusu ya nyusi za bwana.

Aliyemwokoa ni mwokaji wa ng'ambo ya barabara. Mwokaji yule alitengeneza maandazi ya kiini cha yai, na ute aliumwaga kwenye mtaro kila asubuhi. Fundi akaenda na dumu lake, akaomba. Tangu siku hiyo, badala ya kumwaga, mwokaji alimwekea. Fundi aliupasha ute juu ya mvuke, akaumiminia shira ya sukari iliyo moto kidogo kidogo, akaupiga kwa mchapo wa mayai mpaka mkono ukalia na bakuli likaweza kugeuzwa juu chini bila tone kuanguka. Kijiko kimoja cha unga wa wanga, ili povu lisitoe maji. Sahani ya karatasi. Ganda hakuweka, maana ganda linaumiza pua. Alipaka ukingo wa sahani sukari iliyoungua, na kutoka kwenye viti watu waliona pai iliyotoka kwenye tanuri sasa hivi.

Ndivyo walivyoishi, na waliishi vizuri.

Kisha ikaja Jumanne moja asubuhi. Kipipa alikuwa akipiga mswaki kwenye beseni uani. Akajaza maji mdomoni, na maji yakatoka yenyewe upande wa kushoto, yakamwagikia kifuani. Akajaza tena, yakatoka tena. Akamgeukia mkewe, na mdomo wake ukaenda upande mmoja kama pazia lililokatika kamba.

Fundi alicheka. Alidhani ni kituko kipya cha Jumamosi, na kilikuwa kizuri kuliko vyote alivyowahi kuvibuni. Alicheka mpaka akashika ukuta. Alicheka kwa muda ambao baadaye, kila alipoukumbuka, aliuona mrefu kama siku nzima. Ndipo alipoona kwamba jicho la kushoto halicheki. Lilikuwa wazi, limemtazama, na halikupepesa.

"Acha bwana," alisema. "Basi, inatosha."

"Siachi mimi," Kipipa alijibu, na maneno yakamtoka yakiburura miguu. "Iko hivyo yenyewe."

Hospitalini daktari alimpima, akamwambia anyanyue mikono, akamwambia atembee, akamwambia akunje paji. Paji lilikunjika nusu. Daktari akasema mshukuru, si kiharusi. Ni mshipa wa fahamu wa uso umevimba ukabanwa. Wengi hupona kwa wiki kadhaa, wengine miezi, wachache hubaki na alama. Cha kuangalia ni jicho. Halifungi, kwa hiyo halijilindi. Vumbi, upepo, sabuni, chochote kikiingia kinaweza kulikwangua, na likikwanguka sana hilo basi. Akawapa dawa ya matone, na utepe wa kulifungia wakati wa kulala.

Wiki zikapita, kisha mwezi, kisha miezi mitatu. Uso haukurudi. Kipipa alihamia chumba cha ndani, akavuta pazia. Watoto waliokuwa wakimwita dirishani wapate kituko cha bure waliita wakachoka. Kila Alhamisi Ufito alikuja, akaikunja miguu yake mirefu kwenye kigoda, akazungumzia hali ya hewa. Watu wawili walioishi kwa maneno miaka yote hiyo walikaa wanatazama sakafu.

Siku moja Fundi alimsindikiza Ufito hadi mlangoni.

"Shemeji, ukumbini kukoje?"

"Msimamizi kanitafutia mwenzangu mwingine. Kijana mzuri, ana mwili, ana sauti."

"Na wewe?"

Ufito alikuna kidevu. "Nilimjaribu. Nikanyanyua pai, nikamtazama yule kijana, nikaiweka chini. Shemeji, siwezi kumpiga mtu mwingine. Ni kama kuingia nyumba ya watu. Nimeomba wanipe kazi ya kukata tiketi."

Fundi alidhani wameongea polepole. Lakini ukuta wa nyumba ile ulikuwa mwembamba, na Kipipa alisikia kila neno.

Kesho yake mchana Fundi alikuwa anatia pindo gauni la mteja, akamwona mumewe amesimama mlangoni mwa chumba. Uso mzima ulikuwa mweupe. Alikuwa amejipaka povu la kunyolea kuanzia kwenye nywele mpaka kwenye kola, isipokuwa jicho la kushoto, ambalo alilizungushia kitambaa.

"Nitazame," alisema.

"Nakutazama. Umeharibu shati."

"Nilikuwa nanyoa. Nikapaka povu jingi kwa bahati mbaya, nikajiona kwenye kioo. Nitazame vizuri. Upande upi mzima na upi mbovu?"

Fundi alitazama. Chini ya povu lile hapakuwa na upande. Palikuwa na uso wa mviringo, ule ule alioujua, kama mwezi umevaa shati.

"Nitengenezee pai," Kipipa alisema.

"Sitengenezi."

"Moja tu."

"Jicho lile halifungi." Fundi alishusha gauni. "Umemsikia daktari kwa masikio yako. Unataka uwe kipofu ili watu wacheke?"

Kipipa alikaa kwenye kiti cha wateja, povu likimdondokea magotini. "Mke wangu, sasa hivi wananionea huruma. Nikipita kwenda hospitali mwokaji ananifungia mkate bure. Yule mama wa mboga anaongea na mimi kwa sauti ya chini kama nimelala. Kuchekwa ni kazi, naijua, nimeifanya tangu ujana. Kuonewa huruma siijui. Sijui mtu unaweka wapi mikono."

Fundi alirudi kwenye pindo lake akalishona lote vibaya, ikambidi alifumue.

Hakulala na wazo, aliamka nalo. Asubuhi ile alikwenda hospitali peke yake, akamngoja muuguzi wa macho kwenye benchi.

"Nauliza kitu cha kipuuzi," alimwambia.

"Hapa naulizwa vya kipuuzi kila siku mama."

"Mtu ambaye jicho lake halifungi, anaweza kupigwa pai usoni?"

Muuguzi aliweka kalamu chini. Fundi akamweleza yote, ukumbi, Ufito, ute wa mayai, pumzi tatu. Muuguzi alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Mama, jicho hilo lisiguswe na kitu. Povu laini, povu gumu, kwangu mimi ni mamoja. Kisiingie kitu. Hilo tu ndilo ninaloweza kukuambia."

Mwingine angelisikia hilo kama katazo. Fundi alitoka akiwa amelisikia kama kipimo. Wateja wake walimletea vipimo vigumu kila siku, mtu anataka gauni la kumfanya mwembamba na bado apumue. Kisiingie kitu. Sawa.

Alianza na miwani ya kuogelea aliyoazima kwa jirani. Alipomvisha Kipipa, mumewe alijitazama kwenye kioo, akatoa sauti nzito ya chura wa bwawani. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi mitatu kufanya mzaha. Lakini mikanda ilibana shavu bovu likaumuka, na kwa vyovyote hakuna karani wala mgonjwa anayevaa miwani ya kuogelea. Akaenda kwa seremala. Seremala alikuwa na miwani ya plastiki ya kuzuia vumbi la mbao, mikubwa, vioo vyake vimezunguka hadi pembeni. Akampa, akasema arudishe akipenda.

Siku nne Fundi aliacha kazi za watu. Alipunguza fremu kwa kisu cha moto. Alikata sponji nyembamba, akaishonea kitambaa laini cha bitana, akaizungusha ukingo mzima wa kila kioo ili ikae juu ya ngozi kama mdomo wa paka. Kwa nje alipaka fremu rangi nyeusi, ikafanana na miwani ya profesa aliyesahau kupiga pasi shati. Kisha likaja swali la jaribio. Kwa mumewe hakuthubutu.

Kwa hiyo siku ya tano, saa nne asubuhi, wifi yake, yaani dada mkubwa wa Kipipa, aliingia jikoni bila kubisha hodi, kama kawaida yake, akamkuta mke wa mdogo wake amepiga magoti sakafuni na kichwa ndani ya bakuli.

Wifi aliweka kikapu chini taratibu. "Wifi."

Fundi aliinua uso. Ulikuwa mweupe wote, na miwani imejaa povu.

"Wifi, na wewe umeanza?"

"Usiniguse. Ngoja." Fundi alivua miwani kwa mikono miwili, akafumbua macho. "Niambie. Kuna kilichopenya?"

"Kilichopenya wapi? Mimi nimekuja kumwona ndugu yangu mgonjwa, nakukuta umeogea mayai. Watu watasema nini? Huyo ni mgonjwa. Mgonjwa hupewa supu, hapigwi keki usoni. Nyinyi mnataka kumfanya kituko na uso wake huo."

"Wifi," Fundi alisema, bado amepiga magoti, "yeye ni kituko. Tangu siku aliyonileta kunitambulisha kwenu. Aliingia akakaa kwenye kofia ya baba yenu. Unakumbuka?"

Wifi alikumbuka. Alijaribu kutokumbuka, lakini mdomo ukamsaliti.

"Anakufa mle chumbani," Fundi akasema. "Si kwa ugonjwa. Niambie kama kimepenya."

Wifi aliondoa mikono kiunoni, akachutama, akamshika Fundi kidevu, akamgeuzia dirishani kwenye mwanga. Alitazama kwa makini kama anayemtafuta mtoto chawa. "Kushoto pasafi," alisema. "Kulia hapa, karibu na pua, kimepenya kidogo. Sponji yako fupi."

Fundi akaongeza sponji. Wakajaribu tena, na tena. Mara ya sita Wifi mwenyewe alivaa miwani, akashusha uso kwenye bakuli, akakaa humo mpaka Fundi akaogopa. Alipoinuka alisema, "Tamu kumbe," akajipangusa na upande wa kanga.

Pai nayo ilibadilika. Fundi aliacha kuweka wanga, maana wanga ukikauka unakwaruza. Akapunguza shira ili povu liwe jepesi, la kuteleza. Na Ufito akaambiwa jambo jipya: mkono usifike usoni. Uishie umbali wa shibiri moja, usimame ghafla, povu liende lenyewe. Ufito alifanya mazoezi kwenye mti wa kamba ya kuanikia nguo mpaka ule mti ukawa mweupe na nzi wakajua njia.

Ikafika siku ya jaribio la kweli, uani, mchana, jua limesimama. Kipipa alivaa koti la karani na miwani. Shavu la kushoto lilikuwa limelala. Alisimama kwenye alama ya chaki. Wifi alikaa kwenye ngazi na taulo na chupa ya dawa ya matone, kama mwamuzi wa ndondi. Ufito alichukua sahani, akarudi nyuma hatua tatu, akanyanyua mkono.

Mkono ukabaki juu.

"Twende," Kipipa alisema.

Ufito hakwenda. Kifundo cha mkono kilianza kumtetemeka, povu likayumba. "Nisipolenga vizuri," alisema.

"Miaka yote hiyo umekosea mara moja tu, ukampiga mpiga ngoma."

"Ulikuwa mzima."

"Sasa mimi ni nini?"

Ufito alishusha mkono. Alikuwa mtu mzima, nywele zimeanza kumtoka, na machozi yalimtiririka bila sauti, akaona haya akamgeukia ukuta, sahani bado mkononi. "Nisamehe, kaka," aliuambia ukuta. "Siwezi."

Kipipa alibaki kwenye chaki yake. Mabega yalimshuka. Fundi aliyaona yakishuka, na akajua kwamba yakifika chini kabisa mtu huyu atavua koti, atarudi chumbani, na pazia lile halitavutwa tena.

Alinyanyuka. Alimpokea Ufito sahani. Katika maisha yake yote alikuwa ametengeneza zaidi ya pai elfu moja, na hakuwahi kurusha hata moja. Alisimama mbele ya mumewe, karibu, akanusa sukari iliyoungua. Kila kitu kilimjia kwa pamoja: lile pazia, yule mama wa mboga na sauti yake ya chini, ile asubuhi ya beseni na kicheko chake kisichokwisha.

"Nilikucheka," alisema. "Siku ile. Nilidhani unaigiza."

"Najua," Kipipa alisema. "Nilikuona. Nikasema, angalau kituko kimoja kimechekesha."

Akamrushia.

Mkono wake ulisimama pale pale alipomfundisha Ufito asimamishe wake. Povu lilitoka kwenye sahani likiwa zima, likatua usoni na mlio mdogo kama wa mtu anayeweka mto kitandani. Kipipa alisimama, mweupe, bila macho, bila mdomo. Alivuta pumzi moja. Ya pili. Ya tatu. Kisha vidole viwili vikapanda, kimoja kila upande, vikapita juu ya vioo vya miwani kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, kama vifuta mvua vya gari. Nyuma ya vioo yalitokea macho mawili makavu, yakimtazama mkewe kwa adabu, yanataka kuuliza njia.

Wifi ndiye aliyeanza. Alicheka akaangusha chupa ya dawa. Ufito aligeuka kutoka ukutani, akaona, akakaa chini kwenye vumbi na suruali yake ya jukwaani. Fundi hakucheka. Alikaa kwenye beseni lililopinduliwa, akalia kilio kikubwa cha miezi yote aliyojikaza, na Kipipa akaja akamkumbatia, na povu lote likahamia kwake.

Wifi aliwatenganisha. "Ondokeni, nitazame jicho." Alitazama. "Safi," akasema.

Jumamosi iliyofuata ukumbi ulijaa hadi kwenye ngazi. Habari zilikuwa zimetembea: Kipipa anarudi, Kipipa uso umekwenda upande. Fundi alisimama nyuma ya pazia la jukwaa na pai mbili, moja ya akiba. Kutoka pale aliwasikia watu, na hakupenda alichokisikia. Kipipa alipoingia walimpigia makofi marefu mno, ya heshima, makofi ya kumuaga mtu anayestaafu. Katika robo saa ya kwanza walicheka kwa uangalifu, kama watu wanaotembea kwenye sakafu iliyopigwa deki. Maneno yake yalikuwa bado mazito, na mara mbili mate yalimponyoka. Hakuna aliyejua atazame wapi.

Kisha Ufito, aliyekuwa bosi siku hiyo, akaishiwa na subira. Fundi alimpa sahani kupitia kwenye uwazi wa pazia, akaushika mkono wake kidogo kabla ya kuuachia. Haukutetemeka.

Pai ikatua. Pumzi tatu. Vidole vikapanda, vikafuta, macho yakatokea. Kicheko kilichotoka hakikuwa na uangalifu wowote. Kilitoka matumboni, watu wakapigana mabega, mama mmoja mstari wa mbele akamwomba Kipipa kwa mikono aache, maana anaumia.

Mchezo ungeweza kuishia hapo, na ndivyo walivyopanga: taa zizime. Lakini Kipipa alinyanyua kidole kuelekea kwa mtu wa taa, kumaanisha subiri. Alivua miwani, akabaki na miduara miwili misafi kwenye uso mweupe. Akatoa leso. Akajipangusa polepole upande wa kulia, halafu wa kushoto, mpaka uso wote ukawa nje, na mwanga ukaupiga, mdomo umelala, shavu limeshuka. Kicheko kikakatika. Nyuma ya pazia Fundi alibana pai ya akiba kifuani bila kujua.

"Msishangae," Kipipa aliwaambia. "Nusu ya kwanza imefika. Nusu ya pili iko njiani, ilikosa gari."

Kutoka nyuma kabisa sauti ya mzee mmoja ikasema, "Ikifika tuite," na ukumbi ukapasuka, na safari hii walicheka huku wanamtazama usoni.

Nusu ile haikufika yote. Paji lilianza kukunjika kabla ya mwaka kwisha, na jicho likajifunza kufunga tena, taratibu, mpaka muuguzi akasema utepe sasa basi. Pembe ya mdomo ilibaki imeshuka kidogo, na Kipipa hakuificha wala hakuitumia kuombea huruma. Ufito alirudisha mashine ya tiketi.

Lakini kabla ya hayo yote, siku chache tu baada ya Jumamosi ile, alikuja mteja dirishani kwa Fundi, mwanamke mgeni, ameshika sketi ya kupunguza. Mtandio aliuvuta upande mmoja wa uso na akaongea kwa kona ya mdomo. Fundi alimpima kiuno, akaandika, akangoja. Mwanamke hakuondoka.

"Nilikuwepo ukumbini," alisema hatimaye. "Ile miwani. Mimi naendesha baiskeli kwenda kazini, na jicho langu... upepo. Unaweza kunishonea?"

"Kaa," Fundi alimwambia, akavuta droo ya sponji.

Kipipa alitoka ndani na kikombe cha chai, akamwona mgeni, akauona mtandio. Alivuta kigoda akakaa mbele yake.

"Upande gani?" aliuliza.

"Kulia."

"Mimi kushoto. Tukikaa pamoja tunatimia mtu mmoja mzima, na mwingine wa akiba anabaki."

Mwanamke alicheka kabla hajajizuia, mkono ukaruka kwenda mdomoni. Fundi aliushika mkono ule katikati ya njia, akaushusha kwa upole, akamwinua kidevu kwenye mwanga wa dirisha.

"Usitikisike," alisema, na futi yake ikaanza kupima kuanzia kwenye nyusi hadi kwenye shavu.